Kiyoyozi cha Mdogo Wangu

Mama alipoingia sebuleni kwa mdogo wangu kwa mara ya kwanza, alisimama chini ya kiyoyozi, akafumba macho, akalegeza mtandio upepo umpite shingoni, akasema, "Alhamdulillahi. Sasa nimefika Ulaya."

Alikuwa amekaa kwangu mwezi mzima.

Nilikuwa nyuma yake nimeshika begi lake. Mdogo wangu alicheka, shemeji yangu akacheka, nami nikacheka kwa kuwa nilikuwa mgeni kwenye nyumba ya watu. Lakini maneno yale niliondoka nayo. Nilikuwa nayo kwenye treni ya kurudi Ilford, na nilikuwa nayo nilipofungua mlango wa fleti yangu na kukuta joto la kutwa nzima bado limo ndani, halijapungua hata kidogo.

Mama alikuja London kutoka Tanga mwanzoni mwa kiangazi, kwa viza ya miezi sita. Kabla hajapanda ndege, mimi na mdogo wangu tulikuwa tumekwisha kupanga: atakaa kwangu mwezi, atakaa kwa mdogo wangu Stanmore mwezi, atarudi kwangu, na kuendelea hivyo mpaka siku ya safari. Mpango ulikuwa wangu. Mimi napenda mambo yajulikane mapema, nani anafanya nini na lini. Neno tulilotumia lilikuwa zamu. Zamu yangu, zamu yako. Tulilisema kwenye simu Mama akisikia, naye aliitikia haya, haya, kama anavyoitikia jambo lolote lililokwisha kuamuliwa na wengine.

Kisha joto likaja.

Ukiwaambia watu wa Tanga kwamba London kuna joto, wanakuona unajidekeza. Hawajui kwamba nyumba za huku zimejengwa zishike joto lisitoke, na joto la kiangazi likishaingia zinalishika hilo hilo. Fleti yangu iko ghorofa ya tatu, juu ya barabara ya maduka. Madirisha yanafunguka kiasi cha mkono kupita, kwa usalama wa watoto ambao sina. Nilinunua feni ya kusimama. Ilichofanya ni kuchukua joto la ukuta huu na kulipeleka ukuta ule. Mama alilowesha kanga kwenye sinki, akaikamua, akajitanda mabegani, akakaa mbele ya feni bila kulalamika. Nilimwangalia sana nione kama atalalamika. Angelalamika ningekuwa na la kujibu.

Ijumaa yake ya kwanza kwangu alifungua sanduku akatoa chetezo chake cha udongo, kilichokuwa kimezungushiwa magauni ili kisivunjike njiani. Akawasha mkaa jikoni, akatia udi. Haukupita muda, king'ora cha moshi kwenye dari kikaanza kulia, na kule kwangu kikilia kimoja vinalia vyote. Jirani wa chini alipanda na ndala kuuliza kama aite zimamoto. Nilisimama juu ya stuli nikipunga taulo chini ya king'ora, na nikiwa pale pale juu nikamwambia Mama, kwa upole nilioweza, kwamba hapa udi hauwezekani.

"Sawa, mwanangu," akasema. "Sikujua."

Alimwagia mkaa maji. Chetezo kilirudi sandukuni, na kwa siku zake zote zilizobaki kwangu sikukiona tena.

Nyumba ya mdogo wangu ni nyumba hasa, yenye bustani nyuma na mlango wake wa mbele. Waliinunua kwa wazee wawili, Wahindi wa Mombasa, waliokuwa wanahamia kwa mtoto wao. Mzee yule alikuwa na matatizo ya kifua, ndiyo maana walifunga kiyoyozi sebuleni, kitu ambacho nyumba nyingi za huku hazina. Walipoondoka waliacha kila kitu: mtambo wenyewe ukutani, rimoti, na kitabu cha maelezo kwenye droo. Mdogo wangu hakukichagua kile kiyoyozi. Mwaka wa kwanza hakujua hata kukiwasha. Alikikuta tu, kama alivyokuta kila kitu maishani mwake tangu tukiwa wadogo: mimi nilijifunza kuendesha baiskeli ya baba iliyokuwa ndefu kunizidi, yeye alipofikia umri wa kupanda tayari kulikuwa na baiskeli ndogo nyumbani.

Zamu ya Stanmore ilipoanza, Mama alinipigia simu ya video kila jioni. Nilingoja simu hizo. Nilikuwa narudi kazini nimejipanga, nina mambo ya kumweleza. Lakini nikimuuliza habari zake, alinipa habari za mashine.

"Mama, umekula?"

"Nimekula. Hebu tazama hapa." Aligeuza simu. "Umeona? Inafungua mdomo yenyewe."

"Naona."

"Ukiminya hapa inapuliza chini. Ukiminya hapa, inapuliza juu. Aliyebuni kitu hiki, Mungu amlipe."

"Mama, mimi kichwa kinaniuma tangu jana."

"Pole, mwanangu. Ni hilo joto lenu la huko. Njoo ukae chini ya mashine."

Hakusema nije nimwone. Alisema nije nikae chini ya mashine. Mtu mwingine asingeona tofauti. Mimi niliiona, nikalala nayo.

Mwezi ukaisha. Nilimpigia mdogo wangu kumkumbusha.

"Dada, mwache kwanza joto lipungue," akasema.

"Tulikubaliana."

"Tulikubaliana kabla ya joto."

"Zamu ni zamu."

"Dada na zamu zako! Utampa na kadi ya kugonga akiingia na kutoka?"

Nikaomba nizungumze na Mama mwenyewe. Nikamuuliza anataka kukaa wapi. "Mtakavyopanga nyie," akasema, na nyuma ya sauti yake nikasikia ule mvumo wa kiyoyozi, mwembamba na wa raha, kama paka aliyeshiba.

Niseme kidogo kuhusu kazi yangu, kwa sababu inahusika. Nipo kwenye dawati la hitilafu la kampuni inayotunza majengo ya ofisi katikati ya jiji. Watu wananipigia lifti ikikwama, taa ikizimika, kiyoyozi kikigoma. Mimi si fundi. Kazi yangu ni kuuliza, ili fundi akienda aende akijua anachokifuata. Viyoyozi ndivyo vinavyonipa kazi kubwa kiangazi, kwa kuwa vinajaribu kusema vinachoumwa: taa inapepesa, au kwenye kioo inatokea herufi na tarakimu. Mtu akiona herufi ile kitu cha kwanza anachofanya ni kuzima na kuwasha, na ile herufi inapotea, na pamoja nayo habari yenyewe. Kwa hiyo ninauliza kwa mpangilio. Imeandika nini, kabla hujaizima? Ilianza lini? Ilikuwaje kabla ya kugoma: kelele, maji, upepo kupungua? Na mwisho: nini kilibadilika chumbani kabla ya hapo? Swali hilo la mwisho karibu kila mtu hulijibu "hakuna". Na karibu kila mara jibu liko hapo. Kuna kabati limesogezwa. Kuna mtu amehamishiwa meza chini ya mashine, akaona baridi, akabandika karatasi kwenye tundu la upepo.

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa napiga pasi. Mdogo wangu akapiga simu.

"Dada, AC imekufa."

Niliisimamisha pasi kwenye kisigino chake. Furaha iliyonipata sikuitafutia jina.

"Imekufaje?"

"Imezima. Taa inapepesa, imeandika E tano. Nimetafuta mtandaoni, wanasema E tano ni mota ya feni. Shemeji yako anasema hapana, gesi imeisha."

"Gesi haiishi."

"Dada, kule Tanga maofisini si walikuwa wanakuja kujaza kila mwaka?"

"Walikuwa wanajaza kila mwaka kwa sababu bomba lilikuwa linavuja na hakuna aliyeliziba. Gesi ya kiyoyozi si petroli. Inazunguka mle mle. Hiyo E tano uliyoisoma ni ya kampuni gani?"

"Sijui. E tano."

"Kila kampuni ina zake. E tano ya hawa ni feni, ya wale ni maji, kwa wengine haipo kabisa. Umeizima na kuiwasha?"

"Sana."

"Acha kuiwasha. Kuna maji yanadondoka?"

"Tumeweka beseni."

"Kabla haijagoma upepo ulikuwaje?"

"Ulikuwa mdogo mdogo. Kama mtu anapuliza chai."

"Nini kilibadilika hapo sebuleni?"

"Hakuna."

Nikamwambia nakuja kumchukua Mama, kwa kuwa nyumba bila mashine ni joto tu kama kwangu, na kwangu angalau kuna feni. Sikusema nakuja kutengeneza chochote. Nilivaa viatu na pasi bado ina moto.

Nilimkuta Mama amekaa kwenye kochi chini ya kiyoyozi kilichozimwa, anajipepea na gazeti la matangazo ya maduka, anakitazama. Alikuwa amekaa vile watu wanavyomkalia mgonjwa aliyelazwa.

"Imenyamaza," aliniambia, kabla ya salamu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Imenyamaza tangu jana."

Nikaiangalia ile sebule ya furaha yake. Madirisha yamefungwa yote, kwa sababu walielekezwa wasiyafungue mashine ikiwa inafanya kazi, na mashine ilipogoma hakuna aliyekumbuka kufungua. Pazia limeshushwa. Beseni liko chini lina maji masafi. Ukutani, juu ya kiyoyozi, rangi nyeupe ilikuwa imegeuka manjano, alama kama kivuli. Nikaiona, nikaiweka kando.

Mdogo wangu akaleta kile kitabu cha wazee wa Mombasa. Nyuma kulikuwa na jedwali la hitilafu kwa lugha chungu nzima, Kiswahili hakimo. E tano ya kampuni hii haikuwa feni. Ilikuwa kinga dhidi ya barafu. Nilimweleza mdogo wangu, Mama akisikiliza kwa makini kama yuko kwa daktari. Ndani mle kuna mabomba ya baridi sana. Hewa ya chumbani inatakiwa ipite juu yake kwa wingi, iache joto lake pale. Hewa isipopita, mabomba yanazidi kupoa mpaka maji yanayoshika juu yake yanaganda. Mashine ikihisi barafu inajizima isijiumize. Maji kwenye beseni ni barafu hiyo inayeyuka.

"Kwa hiyo si gesi," mdogo wangu akasema.

"Gesi ikivuja inaweza kuleta hivi hivi. Lakini hatuanzii huko. Tunaanza na kinachozuia hewa, maana hicho hakihitaji fundi."

Nilizima swichi ya ukutani, nikapanda juu ya kiti, nikafungua kifuniko cha mbele. Chujio huwa nyuma yake, vipande viwili vya wavu mwembamba. Nilitegemea vumbi. Vumbi la majumbani ni la kijivu, jepesi, linatoka kama pamba. Hili lilikuwa la kahawia. Lilinata. Lilikuwa limeshika kila tundu la wavu, kama asali iliyokaukia kwenye kitambaa, na nilipovuta kipande kikatoka kwa shida na kuacha vidole vyangu vinanata.

Nikanusa.

Ilikuwa udi. Ilikuwa udi na sukari iliyoungua na kitu cha chini yake ambacho ni chumba cha Mama pale Tanga, kabati lake likifunguliwa, kanga za Idi zikitolewa, mito, nywele zake. Nilibaki juu ya kiti. Mwezi mzima nilikuwa nimekaa na Mama kwangu na nyumba yangu haikuwahi kunukia hivi hata saa moja. Shuka alizolalia nilizifua zikanukia sabuni. Na hapa, kwenye wavu wa plastiki wa watu ambao sikuwajua, kulikuwa na alasiri baada ya alasiri za Mama, moja juu ya nyingine, nene kiasi cha kuzuia hewa. Nimewahi kumwonea wivu mdogo wangu kwa mambo mengi, nyumba, mume, miguu. Sikudhani nitafika umri huu nionee wivu uchafu.

"Mama," nikasema, "unafukiza wapi?"

"Hapo hapo." Alionyesha kimeza kilichokuwa ukutani, chini kabisa ya kiyoyozi. Chetezo kilikuwa juu yake, wazi, hakikufichwa. Nilikuwa nimekipita nilipoingia. "Kila nikimaliza kuswali alasiri. Ukiweka pale, moshi unapanda, mashine inauvuta kule juu, halafu inautoa huku chini umepoa. Unaenea nyumba nzima. Kule nyumbani mpaka nizunguke na chetezo chumba kwa chumba, magoti yananiuma. Hii inanizungukia."

Alisema kwa fahari, mtu aliyegundua matumizi ambayo hata aliyebuni hakuyafikiria. Wala hakukosea sana. Kweli ilikuwa inavuta juu na kutoa chini. Kilichobaki katikati ndicho nilichokuwa nimeshika.

"Nyumba inanukia, dada, wallahi," mdogo wangu akasema. "Mtu akiingia lazima aulize."

"Huo moshi ndio ulioziba."

Nilisema kwa sauti ya kazini. Nyumbani kwangu hakuna anayeisikia sauti hiyo, na kazini hakuna anayeumizwa nayo. Mama aliacha kujipepea.

"Mimi ndiye niliyeiharibu?"

"Haijaharibika. Imeziba tu."

Lakini alikuwa amekwisha kusikia alichosikia. Alilikunja gazeti mara mbili, akaliweka mapajani.

Mdogo wangu akaenda akakaa karibu yake. "Mama, wewe choma udi wako," akamwambia. "Mashine ikifa ife. Tutanunua feni. Tutafungua madirisha. Mashine nimeishi bila hiyo miaka yote, lakini harufu hii sikuwa nayo."

Nilikuwa bado juu ya kiti, kama nilivyokuwa juu ya stuli siku ile ya king'ora, na kitu kinachonata mkononi badala ya taulo. Nikaona jinsi lilivyokuwa jepesi, jambo la kumwambia. Lilikuwa pale pale kwangu pia, Ijumaa ile. Kiyoyozi mdogo wangu alikikuta ukutani, lakini maneno yale aliyatoa mwenyewe, na kwa maneno yale nilimwonea wivu kuliko kwa kiyoyozi.

Mama aliinuka. "Nitakwenda na dada yako," akasema. "Zamu yake imefika." Akapanda juu kufunga begi.

Tuliosha machujio bustanini, mimi na mdogo wangu, kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo na brashi laini. Maji yaligeuka rangi ya chai ya rangi. Tukamwaga, tukaanza upya. Nilimwelekeza: tundika kivulini, si juani, plastiki itapinda. Usirudishe mpaka ikauke. Usiwashe mpaka maji yaache kudondoka kabisa. Na nyuma ya chujio kuna mapezi, vibati vyembamba vilivyopangana, nayo yana utando, hayo usiyaguse, mwite fundi aje kuyaosha. Mama akirudi, chetezo kihamie jikoni, karibu na dirisha.

"Sawa, bosi."

"Nakwambia kwa faida yako."

"Umefurahi," akasema, hakuinua macho kwenye ndoo.

"Nimefurahi nini?"

"Anaondoka."

"Zamu yangu ilipita zamani."

"Haya. Lakini tangu umeingia hukumuuliza ameamkaje. Umeuliza mashine imeandika nini."

Nilikung'uta kipande changu cha wavu, maji yakamrukia usoni, akafuta kwa bega.

Tuliondoka baada ya kuswali alasiri, machujio yakikaribia kukauka. Treni inaanzia Stanmore, kwa hiyo unapata kiti. Mama alikaa dirishani na chetezo mapajani, kimefungwa kwenye kanga. Kwa kawaida Mama ndani ya treni husoma majina ya stesheni kwa sauti, anavyoyaona yeye, na watu hugeuka kumtazama. Siku ile hakusoma hata moja. Nilijaribu kumwambia nitapika nini jioni. Akasema haya. Nilimwambia nimenunua pazia zito la kuzuia jua. Akasema haya. Nilimpata niliyemtaka, amekaa bega kwa bega na mimi, na sikuwa naye.

Bond Street ndipo tunapobadilisha. Tulishuka na ngazi za umeme, tukakaa kwenye benchi tukingoja treni ya Ilford. Simu yangu ikalia. Mdogo wangu alikuwa ametuma video: kiyoyozi kimefungua mdomo, pazia linacheza, kwenye kioo hakuna herufi yoyote, ila nyuzi joto tu. Chini ameandika: Inapuliza. Mwambie Mama.

"Nani?" Mama akauliza.

"Mdogo wangu. Mashine inafanya kazi."

"Inafanya?" Akanyoosha mkono. "Nipe nione."

Aliitazama video, kisha akaiweka simu sikioni, aisikilize. Akairudia. Uso wake wote ukafunguka, akacheka, kicheko cha kwanza cha siku ile.

"Kumbe sijaiua!"

"Hujaiua."

"Nilidhani nimewatia hasara watoto wa watu. Kumbe sijaiua." Akanirudishia simu, akashika mkanda wa begi lake. Akaniuliza kama mtu anayeuliza saa ngapi: "Basi, turudi?"

Treni ya Ilford iliingia. Milango ya vioo ikafunguka, watu wakatoka, watu wakaingia. Nilikuwa na hoja zangu zote, nilikuwa nazo kwa mpangilio: mwezi umekwisha, tulikubaliana, si haki. Nilizipitia moja moja kichwani na hakuna hata moja iliyokuwa na Mama ndani yake. Milango ikajifunga. Treni ikaondoka.

"Mama, mimi nataka uje kwangu," nikasema. "Nina wivu."

"Wivu wa nini, mtu mzima kama wewe?"

"Wa ile mashine. Wa mdogo wangu. Umemfukizia nyumba nzima mpaka mashine ikashindwa kupumua. Mimi hukunifukizia hata shuka."

Alinigeukia mwili mzima. "Si wewe uliyenikataza?"

"Nilikataza moshi."

"Na mimi nimekuja na nini kingine?"

Mwanamke mmoja mwenye mbwa alikaa upande wa pili wa benchi, mbwa akainusa kanga iliyofunga chetezo, akapiga chafya. Mama alimsogezea kidogo, anuse vizuri.

"Na hizo zamu zenu," Mama akaendelea, akimtazama mbwa. "Zamu, zamu, tangu sijapanda ndege. Unajua mimi nilifikiri nini? Anayepangiwa zamu ni mgonjwa wa kukesha naye. Nikasema, hawa wamechoka kabla sijafika. Huyu mkubwa anahesabu siku za kunibeba, akimaliza zake amtwishe mwenzake. Mwezi ulipoisha si ulinipeleka wewe mwenyewe, na begi umebeba? Kule kwa mdogo wako hakuna aliyenihesabia. Nikakaa."

"Nilikuwa nahesabu siku za kukupata."

"Ungesema hivyo."

"Ndiyo nasema."

"Unasema stesheni." Alitikisa kichwa, lakini mdomo wake ulikuwa unataka kucheka. "Baba yako naye alikuwa hivyo hivyo. Kitu cha moyoni anakisema kama anasoma mita ya maji."

Treni nyingine ikaingia. Mama alisimama, akaniachia begi, chetezo akakibeba mwenyewe.

"Haya, tuingie. Nitakaa mpaka joto lako linishinde. Na usiniulize tarehe."

Sikumuuliza. Ilikuwa kazi ngumu kwangu kuliko anavyojua. Asubuhi nilipokuwa natoka kwenda kazini, swali lilikuwa mdomoni, nikalimeza. Nililala sebuleni, nikampa chumba chenye dirisha la upande wa kivuli. Tulikula nyanya na samaki wa kopo na wali baridi kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwasha jiko. Alinisimulia mambo ya baba ambayo sikuwahi kuyasikia, na kila moja nililisikiliza nikijiuliza kama mdogo wangu ameshaambiwa.

Jioni moja nilikuwa naosha vyombo, simu yake ikalia. Alikuwa mdogo wangu. Nilijua kwa namna alivyoitikia, lile "abee, mama" analomwitikia yeye tu tangu utotoni, mimi huniita kwa jina. Akauliza kwanza mashine, kama inapuliza, kama fundi ameosha yale mapezi. Akasikiliza, akashukuru Mungu. Kisha mdogo wangu lazima alimuuliza hali ya kwangu, maana Mama alisema, "Hapa? Hapa ni tanuri, mwanangu. Na kile kifeni chake kinazunguka kama kinatafuta kitu kilichopotea." Akacheka. "Lakini dada yako, nikwambie kitu..."

Alikuwa anatembea na simu. Akaingia chumbani, mlango ukasukumwa nyuma yake.

Nilifunga bomba. Nilisimama na sahani mkononi, maji yakinidondokea miguuni, nikasikiliza. Alikuwa amepunguza sauti.